Watoto wetu HBCU wanaingia saikolojia kwa wingi, wanaishia digrii ya kwanza. Tuwavushe mpaka leseni

Kisima_ATL (mtoa mada)

Wakuu, habari za leo. Wakubwa shikamooni.

Uzi ni mrefu, lakini mwenye mtoto, mdogo wake au mpwa wake aliye HBCU hapa Marekani naomba ausome wote. Kwa wasiovijua, HBCU ni vyuo vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa lengo kuu la kusomesha Weusi, enzi ambazo vyuo vingine vingi viliwafungia milango. Sheria ya Elimu ya Juu ya 1965 ndiyo iliyovitambua rasmi. Viko takribani mia moja: Howard pale Washington, Morehouse, Spelman na Clark Atlanta hapa kwetu, Fisk na Meharry Nashville, Norfolk State Virginia, Tuskegee Alabama, na vingi vidogo ambavyo hata majirani zake hawavifahamu vizuri.

Mimi niko ustawi wa jamii upande wa tiba, kliniki ya afya ya akili na uraibu hapa Atlanta. Kila mwaka tunapokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na wengi wanatoka vyuo hivi. Kwa hiyo nikisikia kampeni za kuwahamasisha vijana Weusi waingie kwenye afya ya akili, swali langu ni hili: tunawahamasisha mpaka wapi? Maana kuingia wanaingia. Madarasa ya saikolojia ya mwaka wa kwanza yanajaa. Wanapotea baada ya mahafali, katikati ya digrii ya kwanza na leseni, na kipindi hicho ndicho ambacho hakuna anayewashika mkono.

Weusi ni kama asilimia 13 ya watu wa Marekani. Kwa wanasaikolojia wenye shahada ya uzamivu, wao ni asilimia 5 hivi. Kwa madaktari wa magonjwa ya akili inatajwa asilimia 2. Ustawi wa jamii una Weusi wengi zaidi, lakini nao wengi wanabaki kwenye kazi za chini zisizohitaji leseni ya tiba, na ndizo zenye mshahara mdogo na mafaili mengi.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi wa kwetu hawaambiwi. Ukiwa na digrii ya kwanza ya saikolojia peke yake, Marekani huruhusiwi kumtibu mtu. Unapata kazi ya kusaidia mafaili, ya kulea watoto kwenye vituo, ya kupokea simu. Kijana anakaa huko mwaka mmoja, miwili, mkopo unaanza kudai, anaamua kwenda kusomea kitu kingine. Nyumbani wanasema "tulimwambia saikolojia haina kazi". Kazi zipo, tena kliniki yetu haijawahi kukosa nafasi iliyo wazi. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia akiwa mwaka wa pili kwamba safari yake ina hatua nyingine mbele, hatua hizo zinagharimu kiasi gani, na nani analipa.

Na vyuo hivi vina historia ya kuvusha watu. Francis Cecil Sumner alimaliza Lincoln University ya Pennsylvania 1915, akapata PhD ya saikolojia Clark University 1920, Mweusi wa kwanza nchini humu kuipata. Mwaka 1928 akachukua idara ya saikolojia Howard na akakaa nayo mpaka alipofariki 1954. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Kenneth Clark, mzaliwa wa Panama aliyekulia Harlem. Kenneth naye ndiye aliyemshawishi Mamie Phipps, binti wa Hot Springs, Arkansas, aliyefika Howard 1934 akiwa na nia ya kusoma hisabati. Mamie akahamia saikolojia, wakaoana, na wote wawili wakapata PhD Columbia, yeye 1943. Utafiti wao wa wanasesere, wa kuwauliza watoto Weusi wachague kati ya mwanasesere mweusi na mweupe, ambao mizizi yake iko kwenye kazi ya masta ya Mamie pale Howard, ulifika Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Brown ya 1954, iliyopiga marufuku kutenganisha watoto kwa rangi katika shule za serikali. Na kabla ya hapo, 1946, walikuwa wamefungua kituo cha Northside Harlem kwenye vyumba vya chini ya jengo, kwa mkopo wa dola 946 kutoka kwa baba yake Mamie, ili watoto wa mtaa ule wapate pa kutibiwa.

Hakuna aliyempa Mamie kipeperushi. Alikuwepo mtu aliyemfahamu kwa jina, akaketi naye, akamwonyesha kwamba kipaji chake kina mahali hapa. Halafu idara ilikuwepo, ina mwalimu aliyepita njia hiyo hiyo.

Nataka tujadili namna ya kuwafanyia hivyo watoto wa leo. Karibuni.

---

Mama_Neema_KY

Asante mtoa mada. Mimi ni mama wa binti yuko mwaka wa pili, chuo sitakitaja. Alituambia Krismasi anataka saikolojia. Baba yake alinyamaza mpaka chakula kikapoa. Sisi tulitoka kambini Kigoma, tumepigana mpaka tukafika huku, tulitaka awe nesi. Nesi tunaijua, kila nyumba ya Wakongo hapa Louisville ina mtu anafanya kazi ya kutunza wazee au hospitali. Sasa hii saikolojia atakula nini? Nauliza kwa moyo, simkatazi.

---

Kisima_ATL

Mama Neema, shikamoo. Swali lako ndilo wazazi wengi wanalo, na lina haki ya kujibiwa kwa pesa.

Takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani za 2023, kwa mtu wa katikati, anayezidiwa na nusu na kuzidi nusu: nesi aliyesajiliwa karibu dola 86,000 kwa mwaka. Mwanasaikolojia karibu 92,700. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii karibu 58,400. Mshauri wa afya ya akili na uraibu karibu 53,700. Daktari wa magonjwa ya akili anazidi laki mbili. Kwa hiyo baba yake hajakosea kuwa na wasiwasi, kwa sababu kati ya 53,700 na 92,700 kuna tofauti ya maisha, na tofauti hiyo inategemea binti ataishia hatua gani.

Njia ziko kadhaa. Nitazieleza zile ninazoziona kazini.

Ya kwanza ni ustawi wa jamii. Digrii ya kwanza miaka minne, masta miaka miwili. Lakini akisomea digrii ya kwanza ya ustawi wa jamii yenyewe kwenye programu iliyoidhinishwa, vyuo vingi humkubali kwenye masta ya mwaka mmoja tu. Baada ya hapo majimbo mengi yanataka saa kama 3,000 za kazi chini ya msimamizi mwenye leseni, kwa kawaida miaka miwili au mitatu, huku analipwa mshahara, kisha mtihani. Akifaulu anaweza kutibu peke yake, hata kufungua ofisi yake.

Ya pili ni ushauri nasaha, masta ya miaka miwili hadi mitatu, halafu saa za usimamizi na mtihani wake.

Ya tatu ni saikolojia ya kliniki yenyewe, shahada ya uzamivu, miaka mitano hadi saba baada ya digrii ya kwanza. Inatisha kwa urefu. Lakini hapa kuna siri ambayo watoto wetu wengi wanaisikia wakiwa wamechelewa: programu nyingi za PhD ya kliniki humsamehe mwanafunzi ada na kumpa posho ya kuishi, kwa kuwa anafanya utafiti na kufundisha. Programu za PsyD, uzamivu unaolenga tiba kuliko utafiti, kwa kawaida unalipa mwenyewe, na unaweza kutoka na deni kubwa sana. Herufi zinafanana, mfuko haufanani. Howard na Jackson State wanayo PhD ya saikolojia ya kliniki, Tennessee State wanayo ya ushauri nasaha.

Na ya nne itamfurahisha baba yake. Asome unesi kama mlivyotaka, afanye kazi, halafu arudi kusomea unesi bingwa wa magonjwa ya akili. Hao wanaandika dawa katika majimbo mengi na kila kliniki inawatafuta. Unesi na afya ya akili havigombani.

---

Ngosha_wa_Houston

Mkuu nakubaliana na mengi, ila nina swali gumu kidogo. Kwa nini tuhangaike na rangi ya mtaalamu? Tiba ni tiba. Daktari akiwa mzuri, mzuri. Na hizo HBCU ni za Wamarekani Weusi, sisi tuliotoka Afrika tunahusikaje?

---

Kisima_ATL

Ngosha, nakujibu sehemu ya kwanza, ya pili namwachia atakayependa.

Mwaka 1851 daktari wa Louisiana, Samuel Cartwright, aliandika kwenye jarida la kitabibu kwamba mtumwa anayetoroka kwa bwana wake ana ugonjwa wa akili, akaupa na jina la Kigiriki. Kuanzia 1932 mpaka 1972 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi 600 huko Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende, bila kuwaambia ukweli na bila kuwatibu, hata penisilini ilipokuwa inapatikana kila mahali. Hospitali ya Crownsville, Maryland, ilifunguliwa 1911 kwa ajili ya Weusi wenye magonjwa ya akili, na wagonjwa wenyewe ndio waliotumikishwa kufyeka msitu na kujenga majengo. Wajukuu wa watu hao ndio wanaokaa kwenye chumba changu cha kusubiri. Wanajua.

Kulikuwa na mama mmoja wa hapa Atlanta, mtu mzima, aliyekuwa anakuja kwa sababu ya usingizi. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asijulikane. Alikuwa anaingia na koti, halivui hata chumba kikiwa na joto, mkoba uko mapajani, mikono miwili juu ya mkoba. Anajibu "ndiyo", "hapana", "naendelea vizuri". Muhula ule tulikuwa na binti wa mafunzo kutoka chuo kimoja hapa mjini, na mama akamuuliza kanisa lao ni lipi na bibi yake anatoka wilaya gani. Wakaongea mambo ya bibi. Wiki iliyofuata mama alining'iniza koti mlangoni. Iliyofuata aliweka mkoba sakafuni, akaanza kuzungumza juu ya mwanawe aliyefariki, ambaye kwenye faili letu hakuwepo kabisa.

Sisemi Mzungu hawezi kumtibu Mweusi. Wapo wazuri sana, nafanya nao kazi. Nasema kuna watu ambao mlango wao hautafunguka mpaka wamwone mtu wanayeweza kumuuliza bibi yake anatoka wapi, na kwa sasa mtu huyo ni nadra.

---

Bi_Shumbana

Ngosha mwanangu, kuhusu sisi Waafrika nikujibu mimi.

Mtu anayetajwa kuwa daktari wa kwanza Mweusi wa magonjwa ya akili Marekani ni Solomon Carter Fuller, na alizaliwa Monrovia, Liberia, 1872. Babu yake alikuwa mtumwa Virginia, akajikomboa, akahamia Liberia. Mjukuu akavuka bahari kurudi, akasoma Livingstone College ya Salisbury, North Carolina, ambayo ni HBCU, akamaliza 1893. Halafu udaktari Boston University, 1897. Mwaka 1904 alikwenda Munich kufanya kazi kwenye maabara ya Alois Alzheimer mwenyewe, huyo ambaye ugonjwa wa kusahau wa wazee umepewa jina lake. Aliporudi aliandika juu ya ugonjwa huo wakati wachache sana wakiujua. Baadaye akawafundisha madaktari Weusi waliokwenda kuhudumia hospitali ya wanajeshi wastaafu Weusi kule Tuskegee.

Na Kamuzu Banda wa jirani zetu Malawi, udaktari wake aliupata Meharry, 1937. Nkrumah alimaliza Lincoln ya Pennsylvania 1939. Vyuo hivi vilitupokea sisi wakati hata bendera hatuna. Kwa hiyo tusikae pembeni tukisema ni vya wenzetu.

---

Kijana_TSU

Shikamoo Bi Shumbana, shikamooni wote. Mimi niko Nashville, mwaka wa tatu, saikolojia. Wazazi ni Watanzania. Nasoma huu uzi na kuona ni kama mtu ananiongelea.

Naomba niseme upande wa mwanafunzi. Tunaambiwa sana kwamba afya ya akili ni muhimu. Kuna wiki ya afya ya akili, kuna fulana, kuna wageni wanaokuja kuongea. Mgeni anaongea vizuri, tunapiga makofi, anaondoka. Hakuna anayekaa na mimi akaniuliza alama zangu za takwimu ni ngapi, au nimeshaomba nafasi kwenye maabara ya mwalimu yeyote. Nimegundua mwezi uliopita kwamba wenzangu wanaotaka PhD walianza kusaidia utafiti mwaka wa pili. Mimi nilikuwa nafanya kazi usiku kwenye ghala la vifurushi ili nilipe kodi. Saa ya kujitolea maabara bila malipo naipata wapi?

---

Dr_wa_Mkoani

Mdogo wangu, umegusa penyewe. Kujitolea bure ni kwa mtoto ambaye nyumbani wanamlipia kodi.

Nenda ofisi ya McNair chuoni kwako kama ipo, na kama haipo uliza chuo jirani. Ni programu ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini ambao wazazi wao hawana digrii, na kwa makundi ambayo ni machache kwenye PhD. Inalipa posho ya utafiti wa kiangazi. Imepewa jina la Ronald McNair, mwanaanga aliyesoma North Carolina A&T, nayo ni HBCU, akafariki kwenye ajali ya Challenger 1986. Inataka uwe raia au mkaazi wa kudumu.

Na usiache takwimu na mbinu za utafiti ziwe C. Mimi nimekaa kwenye kamati za udahili. Faili la kijana wa HBCU likifika lina barua tatu zinazosema "ni mwanafunzi mchapakazi mwenye tabia njema", na hakuna hata moja inayosema alifanya nini hasa, linawekwa pembeni. Mwalimu wako anaweza kuwa anafundisha madarasa manne kwa muhula na hana muda. Mpelekee ukurasa mmoja: kazi ulizofanya darasani kwake, alama, ulichoandika, unachotaka kwenda kusoma. Barua itakuwa tofauti kabisa.

---

Mwana_Mvita

Nafuatilia kwa makini. Wadau wa Ohio pia tupo.

---

Sister_Furaha

Mimi ni mwenzake Mama Neema huku Kentucky, kazi yangu ni kusaidia familia za wakimbizi. Nataka niongeze kitu juu ya watu wetu wenyewe, maana Wakongo tulikuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi walioletwa Marekani kwa miaka mingi mpaka 2024, na wengi tunaongea Kiswahili.

Nimekaa kwenye chumba cha kliniki na mama mmoja wa Fizi, mashariki mwa Kongo. Mkalimani wa simu alikatika. Nesi akamuomba binti wa mama, umri wa miaka kumi na minne, atafsiri. Swali lilikuwa ni kama mama aliwahi kufanyiwa vibaya wakati wa vita. Yule mtoto alitazama chini, akatazama viatu vyake, akasema kwa Kiingereza "anasema hapana". Mama alikuwa hajafungua mdomo.

Mimi sikulala siku ile. Mtoto yule yule akipelekwa chuo, akavushwa mpaka leseni, ndiye atakayekaa upande wa pili wa meza. Kwetu hapa Kentucky State, nayo ni HBCU, iko Frankfort na ina digrii ya ustawi wa jamii. Whitney Young, aliyezaliwa hapa hapa Kentucky, alisoma chuo hicho, akamaliza 1941, na kuanzia 1954 akawa mkuu wa shule ya ustawi wa jamii ya Atlanta, ambayo leo iko Clark Atlanta na ina jina lake. Kutoka hapa mpaka pale ni njia ambayo mtu ameshaipita.

---

Kisima_ATL

Dada Furaha, ahsante sana. Hilo la mtoto kutafsiri linatokea kila wiki mahali fulani.

Sasa niingie kwenye sehemu inayonikera zaidi, mtihani na saa za usimamizi.

Mwaka 2022 bodi inayotunga mitihani ya leseni za ustawi wa jamii ilitoa matokeo kwa mara ya kwanza yakiwa yamegawanywa kwa rangi. Kwa mtihani wa kliniki, mara ya kwanza ya kufanya, Wazungu walifaulu asilimia 84 na Weusi asilimia 45. Hawa ni watu wenye masta tayari, na wengi wamemaliza saa zao. Zaidi ya nusu wanarudi nyumbani na barua ya kushindwa na ada ya kulipa tena. Mnaweza kuwahamasisha vijana elfu kumi, kama mlango wa mwisho uko hivi mtabaki na wachache.

Saa zenyewe ziko hivi. Mtu anakuwa na fomu, kila wiki anaandika tarehe, saa za kukaa na wagonjwa, saa za kuandika mafaili, saa aliyokaa na msimamizi, na msimamizi anasaini. Kliniki kubwa zenye pesa zinampa msimamizi bure. Kliniki ndogo za mitaa yetu mara nyingi hazina mtu mwenye sifa za kusaini, kwa hiyo kijana anamlipa mtu wa nje kwa saa kutoka kwenye mshahara wake mdogo. Nimeona msichana ana saa nyingi kwenye fomu, msimamizi amehama jimbo bila kusaini kurasa za mwisho, na anamtafuta kwenye simu, hampati. Mwajiri wake hakuona kwamba lilikuwa jukumu lake. Aliacha fani.

Kwa hiyo kama kuna chama cha wahitimu, kanisa, msikiti au umoja wa Watanzania, Wakenya au Wakongo wanaouliza wasaidie wapi, jibu langu ni hapa. Lipieni ada ya mtihani ya vijana wawili kwa mwaka. Tafuteni mtu mmoja mwenye leseni kwenye jumuiya yenu akubali kusimamia bure. Mimi mwenyewe nasimamia wawili nje ya kazi, na ninatafuta wenzangu.

---

Sheikh_Mdogo_DMV

Assalamu alaykum. Nimependa mmetaja msikiti. Kwenye jamaa zetu mtu akisumbuka anakuja kwanza kwa imamu au mchungaji. Nasoma dua naye, na nikiona kuna hatari namwambia kwa uwazi aende kwa mtaalamu, na kwamba namba 988, ya simu ya msaada kwa mwenye dharura ya akili, inafanya kazi usiku na mchana nchi nzima tangu Julai 2022. Lakini anayekuja kwangu ananiuliza "nimpate wapi anayetuelewa?" na orodha yangu ni fupi mno. Howard iko hapa hapa kwetu. Nitawaomba wanafunzi wao wa ustawi wa jamii waje waongee na vijana wetu wa sekondari. Mtoto wa darasa la kumi akimwona dada wa miaka ishirini na tatu anasomea kazi hii, atauliza maswali ambayo kwangu asingeuliza.

---

Mama_Neema_KY

Nimesoma yote na mume wangu, nimemsomea kwa sauti. Ameuliza mkopo. Sisi tuna makaratasi ya ukaazi wa kudumu.

---

Kisima_ATL

Mama, kwa makaratasi hayo binti anaruhusiwa misaada na mikopo ya serikali kuu, ajaze FAFSA, fomu ya kuomba misaada hiyo, kila mwaka mapema. Wenye viza ya mwanafunzi hawaruhusiwi, wao waangalie ufadhili wa chuo na hizo PhD zenye posho.

Mwambie baba mambo matatu. Kwanza, sheria ya mikopo imebadilika. Kuanzia Julai 1, 2026 mkopo wa Grad PLUS, ule wa serikali kuu kwa wanaosoma baada ya digrii ya kwanza, haupo kwa wakopaji wapya. Masta ya kawaida ina kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Shahada zinazohesabiwa kuwa za taaluma maalum, udaktari kwa mfano, 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Chuo cha bei kubwa sasa ni hatari zaidi kuliko zamani, na masta ya mwaka mmoja niliyoitaja inakuwa na thamani zaidi. HBCU nyingi za serikali za majimbo zina ada nafuu.

Pili, akiwa raia na akiwa na leseni, kuna mpango wa National Health Service Corps unaoweza kulipa hadi dola 50,000 za mkopo wake kwa miaka miwili ya kufanya kazi kwenye maeneo yenye upungufu. Unataka uraia, kwa hiyo msichelewe kuomba wakati wenu ukifika. Na akifanya kazi serikalini au shirika lisilo la faida, baada ya malipo 120 ya kila mwezi deni la mikopo ya serikali kuu linalobaki linaweza kufutwa.

Tatu, aulize kama programu yake ina posho ya mafunzo kwa vitendo kutoka HRSA, wakala wa serikali kuu wa huduma za afya. Baadhi ya vyuo vinapata fedha hizo na mwanafunzi hajui mpaka aulize. Vilevile Shule ya Tiba ya Morehouse hapa Atlanta imekuwa makao ya kituo cha HBCU cha umahiri wa afya ya akili na uraibu, kilichofadhiliwa na SAMHSA, wakala wa serikali kuu wa afya ya akili na uraibu, na sehemu ya kazi yake ni kuwavuta wanafunzi wa vyuo hivi kwenye fani hizi. Bajeti za Washington zinayumba, kwa hiyo apige simu aulize kinachoendelea mwaka huu.

---

Kijana_TSU

Nimemwandikia mwalimu wangu wa mbinu za utafiti leo asubuhi na kumpelekea ule ukurasa mmoja alioutaja Dr. Amenijibu niende ofisini Jumatano. Niende na nini?

---

Dr_wa_Mkoani

Nenda na transkripti yako na ratiba yako ya kazi ya ghala, usiifiche. Muulize kama ana nafasi ya kulipwa maabara, hata saa sita kwa wiki, na kama hana, nani kwenye idara anayo. Muulize pia wahitimu wake waliokwenda PhD miaka ya karibuni ni akina nani na kama anaweza kukuunganisha na mmoja. Ukipata majibu yaweke hapa hapa, Neema naye atayahitaji mwakani.